Viatu vya Ghorofa ya Tano

Satellite, Jumamosi alasiri

Mwende mwanangu,

Umetoka saa sita kwenda Kenyatta Market kusukwa, na kwa vile umesema unataka zile nyembamba, najua sitakuona kabla ya jioni. Barua hii nitaisimamisha mbele ya kioo, maana ukirudi na nywele mpya hapo ndipo utaanzia.

Watu wa ploti wamecheka wiki nzima. Mama Mutheu ameniambia leo tena kwenye mfereji, "Eti Mwende anahama Nairobi kwenda Nairobi." Nikamwambia kazi yako mpya ni ya mkate wa hoteli, nao huokwa watu wakiwa wamelala, na hakuna gari la kukutoa Satellite saa hizo. Akasema, "Sawa, lakini mbona unalia kama anaenda Canada?" Silii. Nimekasirika, na usoni mwangu mambo hayo mawili hufanana.

Sitakuandikia habari za kuzima gesi wala kufunga mlango mara mbili. Hayo nimekuambia tangu ukiwa darasa la nne na umeyachoka. Nataka kukuandikia juu ya viatu. Jumamosi iliyopita, tulipopanda kuona chumba chako kule mjini, kuna kitu nilikiona kwenye korido ya ghorofa ya saba nikanyamaza. Umeshalipa dipositi, kesho tunapeleka kitanda, na mimi bado nimenyamaza. Sababu ni kwamba nikikuambia nilichokiona, utaniuliza nilijuaje.

Unajua nilifanya kazi Kilimani, kwenye lile jengo la ghorofa nane lenye geti jeusi. Wewe ulichokuwa ukikiona ni shada la funguo kiunoni mwangu, na uliwaambia wenzako shuleni kwamba mama yako ana nyumba nyingi. Funguo zilikuwa nyingi kweli. Watu ndio walikuwa wachache. Jengo lilikwisha likiwa limepakwa rangi vizuri, lina lifti, lina jikoni mbili kwa kila nyumba, kisha likakaa. Mwaka mzima ukapita na nyumba zenye watu ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yetu, lingine likaanza kuchimbwa msingi. Halafu lingine nyuma yake. Tingatinga asubuhi, vumbi mchana, na wote wanajenga nyumba zile zile kwa ajili ya mpangaji yule yule ambaye hajaonekana.

Nilimwuliza ajenti wa jengo, kijana mmoja aliyeitwa Dennis, aliyeniita Mathe kama vijana wanavyowaita mama zao, kwa nini mwenye nyumba asishushe kodi watu waingie. Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto akiuliza kwa nini ng'ombe hapandi mti.

"Mathe, ukishushia mmoja, wote watajua. Hata benki itajua. Nyumba tupu haina shida. Shida ni nyumba ya bei rahisi."

Jibu hilo limenikera miaka yote hii na bado linanikera leo. Jioni nilikuwa nafunga milango ya vyumba vya kulala ambavyo havijawahi kulalwa, halafu narudi huku kwetu, mimi na wewe na jiko la mafuta ya taa ndani ya chumba kimoja, wewe unasoma juu ya kitanda kwa sababu meza imewekwa sufuria. Sikuwa nikitaka zile nyumba. Nilitaka mtu anieleze tu, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu cha kuelezwa.

Basi Dennis akaja na ujuzi wake.

"Nyumba tupu inanuka, Mathe. Mtu akifika floo lazima aone kuna watu. Weka pazia. Washa taa jioni. Weka viatu mlangoni."

"Viatu vya nani?"

"Vya watu."

"Watu gani, Dennis?"

"Si ndio hao unawaweka."

Nilicheka. Kisha nikafanya. Mimi nikipewa kazi huifanya kwa utaratibu, unanijua, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Daftari la mwaka ule liko mbele yangu. Nimeandika: "Jumatatu, taa 3A, 3D na 6B. Jumanne, taa 5C, nguo roshani ya nyuma 4B. Viatu vya 5A vihamishwe 5D, vimekaa sana mahali pamoja." Hakuna aliyeniambia nivihamishe. Hilo nililibuni mwenyewe. Nilikuwa nikivigeuza kila baada ya siku mbili tatu, kimoja nakilaza ubavu, ili vionekane vimevuliwa na mtu mwenye haraka. Dennis alisifu sana. Alisema nina kipaji.

Kama umewahi kujiuliza kwa nini nilikuwa nafua nyumbani na kuanika kazini, sasa umejua. Sweta yako ya shule imekaa Kilimani kuliko wewe.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimelizunguka tangu nianze kuandika. Mwaka ule uliingia kidato cha kwanza, na shangazi yako alikuletea raba nyeupe zenye mstari wa waridi. Ulizitunza kwa ajili ya safari ya vijana wa kanisa. Juma moja Dennis akaniambia kuna watu wa maana wanakuja kuona nyumba, na kwamba viatu nilivyokuwa nimeweka ghorofa ya tano vimechoka, vinafanya watu wafikiri huko wanaishi wafanyakazi wa nyumbani. Nikachukua raba zako. Nilisema moyoni ni siku moja. Zikafika siku nne, na safari yako ikawa siku ya tano, na siku hiyo Dennis alikuwa na wageni wengine.

Ulizitafuta chini ya kitanda. Ulizitafuta hata kwenye ndoo ya makaa. Uliniuliza, nami nikasema labda zimeibwa kwenye kamba. Ukamshuku Sheila wa mlango wa pili, ambaye mlikuwa mkila sahani moja, kwa sababu alikuwa amezisifu. Sikumtaja Sheila mimi. Lakini ulipomtaja wewe, sikukukataza. Mlipita bila kusalimiana mpaka walipohamia Kawangware. Mama yake aliwahi kunisimamisha pale kwa kinyozi akaniuliza, "Mama Mwende, watoto wetu walikosana nini?" Nikasema mambo ya watoto.

Ningeweza kukwambia wakati ule. Kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi, na nikagundua kwamba kunyamaza nako huwa kazi ya kila siku, kama kuhamisha viatu.

Raba zako zikabaki mlango wa 5D. Na kwa ajili ya raba hizo alikuja Fridah.

Fridah alikuwa mama mchanga wa miaka kama yako sasa, mjamzito wa miezi sita, mume wake yuko Qatar. Angeweza kupata nyumba kubwa zaidi kwingine kwa pesa hizo, lakini alitaka lifti, na alitaka hospitali iwe karibu. Hakuuliza habari za maji wala jikoni mbili. Alisimama kwenye korido ya ghorofa ya tano, akatazama ile milango, akaniuliza swali moja tu.

"Auntie, hapa kuna watu kweli? Mimi niko peke yangu."

Dennis alinitazama. Nikasema, "Wamejaa. Wako kazini."

Akazionyesha raba zako kwa kidole. "Na hapo?"

"Hapo kuna msichana wa sekondari na mama yake," nikasema. Sikuona hata kama ni uongo. Msichana yupo na mama yupo.

Alihamia 5A. Mara moja moja aliniuliza mbona hasikii redio ya mtu, mbona hasikii watoto. Nikasema kuta za siku hizi ni nzuri. Mwende, nilimwambia hivyo, kuta ni nzuri.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mimi na wewe tulikuwa kanisani, na simu yangu ilikuwa imezimwa kwa sababu ya ibada. Lifti ilikuwa imezimwa pia. Jengo likiwa tupu mwenye nyumba huona lifti ya Jumapili ni kupoteza umeme bure, na hilo nalo halikuwa limesemwa kwa mpangaji yeyote. Uchungu ulimshika Fridah kabla ya wakati wake. Akanipigia mimi. Akaita teksi, ikaja mpaka getini, lakini ngazi za ghorofa tano asingeziweza peke yake. Akatoka kwenye korido akaanza kugonga milango. Aligonga ya 5B, akagonga ya 5C. Kwenye 5D, penye raba, aligonga muda mrefu kuliko kwingine.

Aliyempata ni askari wa geti, Wafula. Dereva wa teksi alimwuliza mbona abiria hashuki, ndipo akapanda. Alimkuta amekaa chini, mgongo umeegemea mlango wa 5D, bado anagonga kwa kiwiko. Walimshusha, yeye na dereva, mmoja kichwani mmoja miguuni, wakibadilishana kila ngazi. Mtoto alizaliwa kabla hawajamfikisha wodini. Mama na mtoto wakapona. Nakwambia mapema ili usisome ukiwa umeshika roho.

Nilienda kumwona hospitalini na maziwa na matunda. Hakunigombeza. Aliongea polepole, akimtazama mtoto.

"Nilijua kwa 5D kuna msichana mkubwa," akasema. "Nikasema huyo anaweza kukimbia, aniitie mtu."

Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu na sijasikia neno lililonikaa kama hilo. Nilikuwa na msichana mkubwa, naye siku ile alikuwa kando yangu kwenye benchi la kanisa, akiwa amevaa viatu vya shule.

Alihama mwezi uliofuata. Siku ya kuondoka alishuka na raba mkononi, akaniwekea juu ya meza ya geti. "Mpe mwenyewe," akasema. Wafula alijifanya anasoma kitabu cha wageni.

Ningependa kukuandikia kwamba niliacha kazi siku hiyo. Sikuacha. Niliondoa viatu ghorofa ya tano, na Dennis aliponiuliza nikamwambia vimeibwa. Mapazia niliendelea kuyatundika, na taa niliendelea kuziwasha, miaka mitatu zaidi, mpaka ulipomaliza kidato cha nne. Kila nilipobonyeza swichi nilikuwa nasema karo, karo, karo. Ni sababu, lakini Fridah hakuwa anadaiwa karo yako. Na raba nilizifunga kwa mfuko nikazitia chini ya sanduku langu. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukupa, nayo miguu yako ikawa inakua.

Sasa rudi nami Jumamosi iliyopita. Ilikuwa nyumba ya nane kuiona, na ya tatu katika siku hiyo. Ulikuwa umechoka nami. Kule Ngara nilisema dirisha linatazama ukuta. Pale karibu na soko nilisema ngazi ni nyembamba. Uliniambia, "Mathe, wewe hata ukipelekwa mbinguni utauliza maji inatoka siku gani." Nilicheka, lakini nilisikia kilicho chini yake.

Ukanipeleka kwenye lile jengo la upande wa River Road, lililokuwa la maofisi zamani. Mimi nililijua likiwa na mawakili na watengeneza meno. Mawakili wamehamia Kilimani na Westlands kufuata majengo mapya, ofisi zikabaki tupu, na mwenye jengo akazikatakata kwa mbao za jipsamu akaziita studio. Chumba ambacho kitanda kikiingia mtu hutoka, na kodi yake inapita nyumba hii nzima. Hilo peke yake lingenitosha kukasirika. Juu ni simenti mpya ya Kilimani isiyo na watu, chini ni ofisi za zamani zilizogeuzwa makasha, na katikati ni wewe na mshahara wako wa kwanza.

Yule ajenti wako alisema, "Mathe, hii ni ya kugombaniwa. Kuna mtu anakuja kuiona saa nane." Ningemwuliza anaendeleaje huyo mtu wa saa nane. Nimemtumia miaka mingi na hajawahi kufika.

Kisha tukapita kwenye korido. Milango tisa. Mitano ina viatu. Wewe ulifurahi, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Angalia, kuna watu. Hata kuna mtoto." Mimi nikatazama. Kiatu kimoja kilikuwa kimelazwa ubavu, vizuri kabisa, kama kimevuliwa na mtu mwenye haraka. Soli yake ilikuwa safi. Mji ule una matope hata kiangazi, na ile soli ilikuwa safi kama sahani.

Nikatazama upande mwingine. Ulipouliza, "Umeonaje?" nikasema ni pazuri.

Juma zima nimejidharau. Sasa ningekuambia nini? Nimeona viatu vya uongo. Umejuaje, Mathe? Ndipo raba zingetoka chini ya sanduku, na Sheila angetoka nazo, na Fridah nyuma yake. Niliona heri ukalale peke yako kwenye ghorofa ya majirani wasiokuwepo kuliko mimi nikuangalie usoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nimeiandika hapa bila kuipamba.

Jana nilikuambia nakwenda Kawangware kununua maharagwe. Nilikwenda mjini. Nilingoja saa kumi na mbili, watu wanaporudi makwao, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya saba, nikaanza kugonga. Niligonga kila mlango mara tatu, nikangoja, nikagonga tena. Yenye viatu mitano, kimya. Miwili isiyo na viatu, kimya. Wa nane ni wako. Wa tisa, ule wa mwisho karibu na tangi, namba kumi na tano, ambao hauna kitu mlangoni hata kipande cha zulia, ukafunguka upana wa mnyororo.

"Nani?"

"Mimi ni mama ya msichana anahamia namba kumi na moja."

"Kwani kuna mtu anahamia?"

Akatoa mnyororo. Ni mama wa makamo, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Anapika chapati za kuwauzia wenye maduka ya chini. Anaitwa Mama Shiku. Nikamwuliza majirani zake wakoje.

"Hao?" akasema. "Sijawahi kuwaona. Nilifikiri wanafanya kazi ya usiku. Mimi husalimia tu viatu. Nikipita asubuhi nasema, habari yenu."

Nikaenda nikaokota kiatu cha mlango wa jirani, nikakipindua nikamwonyesha. Alikitazama sana. Akaenda mwenyewe kwa mlango uliofuata akapindua kingine. Tukavipindua vya milango yote mitano, mimi na mtu nisiyemjua, kama watu wanaochagua viatu sokoni. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mikono yenye unga. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hivyo ni mimi peke yangu?"

"Mpaka Jumapili," nikasema.

"Viatu vyangu siviweki nje," akasema. "Niko navyo pea moja, na iko miguuni." Akaniuliza kama unapenda chapati ya maji au ya kusukuma.

Sikukuandikia haya ili usiende. Dipositi yao hawarudishi, kazi yako inaanza Jumatatu, na Nairobi hii haitakupa kingine kilicho kweli zaidi kwa bei hiyo. Nimekasirika nayo, lakini nimekasirika nikiwa ndani yake, na sehemu yake niliijenga mimi kwa mikono yangu. Nisingependa tu uishi kwa kusalimia viatu.

Raba ziko kwenye mfuko wa karatasi chini ya kioo. Hazitakutosha. Habari za Sheila ni zako, kumwambia au kutomwambia. Nimemwuliza Mama Mutheu, na anasema mama yake Sheila bado anauza mboga karibu na kituo kile cha Kawangware. Kama utakwenda, nitakwenda nawe, na nitakayeongea ni mimi.

Leo usiku unaweza kunikasirikia. Sitakuuliza kitu, nitakuwa kwenye jiko. Lakini kesho tukishapandisha kitanda, kabla hujafungua begi, toka ukagonge namba kumi na tano. Mimi nitabaki kwenye ngazi. Nataka nisikie ukifunguliwa.

Mama yako